Gesi ya Samadi na Waashi wa Arusha

Shikeni penseli, mwandike neno hili: UTAFITI. Maana yake ni kuchunguza jambo mpaka lijulikane vyema. Kazi hiyo hula fedha nyingi. Fundi mwashi mwenye mwiko mmoja na wasaidizi wawili hawezi kuilipia. Je, nani ailipe? Tutazame yaliyotokea hapa Arusha.

Katika miteremko ya Mlima Meru mashamba ni madogo, na ng'ombe wengi hulishwa zizini. Samadi i karibu, kuni zi mbali. Samadi ikikorogwa na maji, ikafungiwa pasipo hewa, hutoa gesi ya kupikia, na tope linalobaki ni mbolea ya migomba na kahawa. Mwaka 1975 SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, lilianza kujenga mitambo ya namna ya Kihindi. Juu yake palielea pipa kubwa la chuma. Lakini chuma ni ghali, tena hushika kutu.

Mwaka 1981 serikali iliunda kwa sheria kituo cha zana za kilimo na ufundi wa vijijini, CAMARTEC, hapa Arusha. Mwaka 1983 shirika la GTZ la Ujerumani likashirikiana nacho katika kazi ya gesi. Fedha za GTZ zilitoka katika hazina ya Wajerumani, yaani kodi za raia wao. Wataalamu waliliacha pipa, wakachagua kuba ya matofali iliyofukiwa ardhini.

Taabu ya kuba ni ufa. Ufa mwembamba kama unywele hupitisha gesi yote. Basi walifanya jambo la ajabu: karibu na msingi waliacha kwa makusudi mzunguko dhaifu, na juu yake wakaweka mzunguko imara. Ukuta ukitaka kupasuka, hupasuka pale chini penye udhaifu, na ufa haupandi juu penye gesi. Hilo halikujulikana kwa siku moja. Ilibidi wajenge, wapime, wajenge tena. Fundi wa kawaida akikosea mara mbili tu, amefilisika.

Kuba hiyo haitaki kiwanda, ila matofali, saruji, mchanga na mwashi aliyefundishwa. Mwaka 2009 ulianza mpango wa taifa, kwa msaada wa fedha za umma za Uholanzi, chini ya CAMARTEC. Waashi walifundishwa na kuhimizwa kuunda kampuni ndogo, wajitafutie wateja wenyewe. Mwanzoni mkulima alisaidiwa sehemu ya gharama.

Mimi naona kumfundisha mwashi kulikuwa bora kuliko kuleta mashine. Lakini utafiti haujazi mfuko wa mteja. Mkulima asipokuwa na fedha ya saruji, fundi hukaa na ujuzi wake nyumbani.

Kabla ya somo lijalo, mwulizeni mwashi wa kijijini kwenu bei ya mfuko wa saruji, mwiandike kwa tarakimu.