Jeni Inayoamka Ndani ya Nyasi

Mwaka 1931, profesa E. N. Fergus wa Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, alikwenda shamba moja la mlimani kutazama nyasi ambazo watu walizisifu sana. Alichukua mbegu, akazifanyia majaribio, na mwaka 1943 aina hiyo ikatolewa kwa wakulima kwa jina Kentucky 31. Ilistahimili ukame na wadudu, ikaenea haraka.

Lakini ng'ombe wakaanza kudhoofu. Wengine walihema kwa joto, wengine kwato zilioza. Ukizitazama nyasi zenyewe, huoni kasoro yoyote. Sasa sumu inatoka wapi?

Jibu lilikuja mwaka 1977. Charles Bacon na wenzake waligundua kwamba ndani ya nyasi hizo kuna kuvu, jamii ya Epichloë, inayoishi katikati ya seli za mmea na kurithishwa kupitia mbegu. Pengine utasema: basi, iondolewe tu! Wakulima walijaribu. Ng'ombe wakapona, lakini nyasi zikashindwa kuhimili ukame na wadudu. Kumbe mpangaji alikuwa analipa kodi.

Ndipo wanasayansi wakageukia jeni. Sumu inayoshukiwa zaidi, ergovalini, imebeba pete ndogo ya amino asidi tatu. Mwaka 2001, watafiti waliharibu jeni moja, lpsA, katika kuvu ya nyasi za jamii ya karibu. Kuvu ikaendelea kuishi ndani ya mmea kama kawaida, ila ergovalini ikatoweka. Maana yake ni kwamba sumu unaweza kuitoa bila kumfukuza mpangaji.

Jeni nyingine ilikuwa na kisa cha ajabu zaidi. Inaitwa gigA, kifupi cha maneno yenye maana ya "jeni inayoamshwa na nyasi". Ndani ya mmea, ni miongoni mwa jeni za kuvu zinazofanya kazi kwa nguvu kuliko zote. Mwaka 2015 watafiti walieleza kazi yake: hutoa protini yenye kipande cha amino asidi 27 kinachojirudia, kila marudio yakitofautiana kidogo. Kimeng'enya cha kuvu huikata kama mtu anavyokata muwa pingili kwa pingili, na vipande hivyo huishia kuwa peptidi zenye umbo la pete. Ndiyo maana jeni moja hutoa peptidi kadhaa zinazofanana.

Walipoifuta gigA, peptidi hizo zilipotea, lakini nyasi hazikuonyesha badiliko lolote la wazi. Je, ni silaha? Ni ujumbe? Bado ni swali.

Ila somo moja tayari unalo. Ukitaka kujua kiumbe anaweza kufanya nini, usiishie kumlea peke yake kwenye kisahani cha maabara. Mfuate nyumbani kwake.