Jasho la Bibo: Uraka na Nipa katika Uwanda wa Makonde

Watu wa Unguja huuita mbibo, wa Mombasa mkanju, na wa Newala na Masasi mkorosho. Mti ni mmoja. Wareno ndio walioutoa Brazili katika karne ya 16, ukaenea pande mbili za Bahari ya Hindi, huku Msumbiji na kule Goa. Maji ya bibo yaliyochachuka huitwa uraka katika Uwanda wa Makonde. Goa, kileo chepesi cha tunda lilo hilo huitwa urrak. Majina yote mawili yananukia neno la Kiarabu araq, yaani jasho, kwa kuwa kileo cha kukenekwa hutoka chomboni tone kwa tone. Uraka ukikenekwa huwa nipa. Na nipa, huko Asia ya Kusini-Mashariki, ni mti wa jamii ya minazi uotao matopeni, nao hugemwa tembo. Maneno ya mabaharia yamepanda mlima hata yakafika Newala, mahali pasipo bahari wala mto.

Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda. Masasi iko chini, katika tambarare ya majabali. Kwa miongo mingi wanawake wa juu waliteremka gengeni kufuata maji na kupanda nayo kichwani, hata miradi ya mabomba ilipoanza katika miaka ya 1950. Nalo bibo huanza kuiva mwishoni mwa kiangazi, wakati maji ni adimu kuliko siku zote. Si ajabu tunda lililojaa maji likapendwa. Hukamuliwa, maji yake yakaachwa yachachuke. Atakaye nipa huchemsha uraka katika chombo kilichozibwa, mvuke ukapita bombani, na bomba likapozwa kwa yale yale maji ya taabu.

Sheria ilitangulia kutoka mbali. Mataifa yaliyogawana Afrika yalipatana Brussels mwaka 1890, na tena Saint-Germain-en-Laye mwaka 1919, kuubana uuzaji wa pombe kali kwa Waafrika. Hati ya udhamini ya 1922 ikawataka Waingereza waidhibiti vikali pombe hiyo Tanganyika. Mzungu alikunywa wiski yake klabuni; Mmakonde aliyejikenekea alikuwa mhalifu. Uhuru haukuiondoa hofu hiyo. Sheria ya 1966 iliipa pombe ya kukenekwa kienyeji jina la “moshi”, na asiye na leseni hukosa akiipika na hukosa akikutwa nayo. Watunga sheria ni nadra kuwa washairi, lakini hapo walibahatika.

Korosho yenyewe ilikuwa na wenyewe. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000. Kisha watu wakahamishiwa vijiji vipya, mbali na mikorosho yao, bei ikawavunja moyo, ubwiriunga ukaenea, na mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno hayakufika tani 30,000. Korosho ilipita chamani na bodini, na malipo yake yalingojewa. Bibo halikutakiwa na bodi yoyote, nalo huoza upesi. Fedha ya uraka ilipatikana jioni ile ile, aghalabu mkononi mwa mwanamke.

Madhara nayo ni ya kweli. Nipa huunguza ini na hufilisi nyumba, wala haina kipimo: mnywaji hajui nguvu ya alichokishika, wala kilichoongezwa na muuzaji. Novemba 2000, jijini Nairobi, pombe iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 100 na kuwapofua wengine, ingawa chang'aa ilikuwa marufuku tangu 1980. Marufuku haikuwakinga, iliuhamishia upishi gizani. Fentanili ya maabara, huko Marekani, huua kwa mlango uo huo: mnunuzi hajui kipimo. Kenya iliigeuza sheria yake mwaka 2010, ikataka chang'aa iwe na leseni na chupa yenye maandishi.

Goa, ambako bibo hukenekwa likawa feni, jina la feni liliandikishwa mwaka 2009 kuwa mali ya mahali pale, likalindwa na sheria ya India. Newala, mwenye nipa huificha kichakani, na harufu ya bibo humsaliti.