Kabla ya kununua kompyuta ya ofisi, chagua kwanza programu

Na Mwandishi Wetu, Karatu

MWENYE ofisi ndogo mjini Karatu anunuapo kompyuta, aghalabu huuliza mambo matatu: bei, ukubwa wa diski na muda wa betri. Suala la programu huachiwa fundi. Fundi naye huweka kile alichonacho kwenye flashi yake, mara nyingi Windows na Microsoft Office zilizochakachuliwa, na mteja huondoka akiamini kuwa amemaliza kazi.

Kompyuta ikifa, nyingine hupatikana Arusha, umbali wa takriban kilomita 140 kwa barabara ya lami. Lakini orodha ya wageni waliolipa malipo ya awali kwa ajili ya msimu wa Julai, deni la mchinjaji anayeleta nyama hotelini, au hesabu ya magunia ya vitunguu yaliyopokelewa kutoka Mang'ola, hayo hayauzwi dukani. Ndiyo maana swali la kwanza la mnunuzi lapaswa kuwa hili: mafaili yatakayoandikwa leo yatafunguliwa na nani, na kwa programu gani, miaka mitano ijayo?

Muda huo wa miaka mitano haukutajwa kwa kubahatisha. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi kutunza kumbukumbu zake kwa muda usiopungua miaka mitano. Ofisa wa kodi akizihitaji, jibu la kwamba kompyuta iliingiwa na virusi halitamsaidia mfanyabiashara.

Jambo la kuanza nalo ni mfumo endeshi, yaani ile programu mama inayoiwasha kompyuta na kuzibeba nyingine zote. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 Januari 14, 2020, na Windows 10 Oktoba 14, 2025. Kwa watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha, kampuni hiyo ilitangaza nyongeza ya mwaka mmoja kwa Windows 10, hadi Oktoba 2026. Mfumo ulioachwa bado huwaka na kufanya kazi kama kawaida, na hilo ndilo linalowapotosha wengi. Kinachokoma ni marekebisho ya usalama, na matundu yanayogunduliwa baada ya hapo hubaki wazi.

Madhara yake yalionekana duniani kote Mei 12, 2017, pale virusi vilivyopewa jina la WannaCry vilipofunga mafaili ya kompyuta katika nchi zipatazo 150 na kudai fidia, zikiwamo kompyuta za hospitali za umma nchini Uingereza. Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya tundu hilo tangu Machi mwaka huo. Walioathirika ni wale ambao kompyuta zao hazikuwa zimepokea marekebisho hayo.

Hapa ndipo programu ya kuchakachua inapomgharimu mwenye mali. Ili ifanye kazi, fundi mara nyingi hulazimika kwanza kuizima kinga ya virusi, na pengine kuzuia marekebisho yasiingie. Mteja hupewa nyumba ambayo kitasa chake kimekwisha kung'olewa. Mbali na hilo, programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kwa hiyo mwenye ofisi anayezitumia bila leseni anajiweka pabaya yeye mwenyewe, si fundi peke yake.

Linalosikitisha ni kwamba uchakachuaji huo mara nyingine hauna hata sababu. Kompyuta nyingi za mtumba zilizokuwa za makampuni ya nje zilitoka kiwandani zikiwa na leseni halali ya Windows iliyofungamanishwa na mashine yenyewe. Fundi akipakua Windows ya toleo lilelile kutoka tovuti ya Microsoft na kuiweka upya, leseni hujitambua yenyewe kompyuta ikiunganishwa na intaneti. Mnunuzi anaweza kukagua katika ukurasa wa mipangilio unaohusu uwezeshaji wa Windows. Pakiandikwa kuwa imewezeshwa kwa leseni ya kidijitali, ni dalili njema. Pakiandikwa kuwa imewezeshwa na huduma ya taasisi, ilhali mashine ni ya mwenye duka la dawa za mifugo asiye na taasisi yoyote, fundi aulizwe.

Windows 11 nayo ina masharti. Inataka kumbukumbu ya angalau gigabaiti 4, diski ya gigabaiti 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Sharti la mwisho huziacha nje nyingi ya kompyuta zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018, ambazo ndizo zimejaa katika maduka ya mtumba.

Kwa mashine kama hizo, Linux ni njia halali isiyo na malipo. Ubuntu, mojawapo ya aina zake, ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake latoka katika lugha za Kibantu za huko, nalo ni ndugu wa neno letu "utu". Linux Mint humfaa zaidi aliyezoea sura ya Windows. Zote mbili huweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo ndani ya diski. Jaribio hilo lisirukwe, kwani huonyesha mapema kama printa na kadi ya intaneti vinatambulika. Anayetegemea programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa ajili ya Windows asihame kabla hajapata mbadala. Ofisi ya utalii ambayo kazi yake kubwa ni barua pepe na kulipia vibali vya wageni kwa njia ya mtandao haitaona tofauti kubwa, kwani kazi hizo hufanyika ndani ya kivinjari.

Kuhusu kuandika barua na kupiga hesabu, LibreOffice hutolewa bure na hutumika katika Windows na Linux pia. Ilizaliwa mwaka 2010 kutoka OpenOffice.org, programu ambayo Watanzania walikuwa wameifahamu mapema: mwaka 2004 mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa toleo lake la Kiswahili lililoitwa Jambo OpenOffice. LibreOffice hufungua mafaili ya Word na Excel, ingawa jedwali lenye mapambo mengi huweza kuvurugika. Ratiba ya safari inayotumwa kwa wakala wa Ujerumani itumwe kama PDF, na tatizo hilo halitatokea.

Katika hesabu, gesti ya vyumba sita haihitaji zaidi ya jedwali lililopangwa vizuri. Duka lenye bidhaa mamia linahitaji programu inayofuatilia stoo, kama vile Tally au QuickBooks. Hakuna kati ya hizo inayochukua nafasi ya risiti ya mashine ya kielektroniki, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010. Kwa programu zinazolipiwa kila mwezi kupitia mtandao, mnunuzi aulize mapema kama anaweza kuzitoa kumbukumbu zake zote katika jedwali la kawaida siku atakapoacha kulipa. Muuzaji akizungukazunguka, jibu limekwisha kupatikana.

Wenye hoteli na kampuni za utalii wana mzigo wa ziada, yaani nakala za hati za kusafiria za wageni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawabana wanaokusanya taarifa za watu kuzilinda. Kompyuta ya mapokezi ambayo kila mhudumu huitumia kwa nywila moja iliyobandikwa kwenye kioo haiendani na matakwa hayo.

Umeme nao hukatika. LibreOffice na Word huhifadhi nakala ya dharura kila baada ya dakika 10 zisiporekebishwa. Muda huo upunguzwe hadi dakika mbili. Aidha, kila Ijumaa mafaili yote yanakiliwe kwenye diski ya nje inayolala nyumba nyingine, kisha mwenye ofisi achague faili moja na kujaribu kulirejesha. Likikataa, ni heri ajue Aprili, mvua za masika zikinyesha na vyumba vikiwa vitupu, kuliko Julai magari ya wageni yakiwa yamepanga foleni mlangoni.