Mabubu wa Ijumaa

Mwaka 2017 nilikuwa kidato cha tatu katika shule moja ya kata kando ya njia ya Kilosa kwenda Mikumi. Kwetu ni Masanze, kwa hiyo nilikwenda na kurudi kwa miguu, au kwa lifti ya bodaboda siku nikiwa na bahati. Nilijiunga na klabu mbili, mdahalo na maigizo. Kilichonishangaza kwa mwaka mzima ni kwamba wanafunzi waliokuwa mabubu siku ya Ijumaa, siku ya mdahalo, ndio hao hao walioongea mpaka wakakatazwa siku ya Jumatano, siku ya maigizo. Nimeanza kuelewa sababu baadaye, niliposoma vitu hivi viwili vilifikaje katika shule zetu.

Mdahalo ulikuwa kwa Kiingereza. Palikuwa na mwenyekiti, katibu, mtunza muda aliyegonga rimu ya gari badala ya kengele, upande wa kuunga mkono na upande wa kupinga. Mada nadhani unazijua, maana ni zile zile nchi nzima: elimu ni bora kuliko pesa, maisha ya mjini ni bora kuliko ya kijijini, mkulima ni bora kuliko daktari. Wasemaji wanne walikuwa wamekariri hotuba zao tangu jana yake. Sisi wengine tulisimama, tukatamka "I am here to support the motion", tukasoma pointi moja kutoka kiganjani, tukakaa. Aliyechomeka Kiswahili alivishwa kibao shingoni hadi ampate mwingine wa kumvisha.

Mdahalo wa namna hii ni mali ya shule za Kiingereza. Waingereza walipofungua Shule ya Tabora mwaka 1925, walikusudia kuwafunza watoto wa machifu na kupata watumishi wa serikali, na waliipa sura ya shule za bweni za kwao. Kijana aliyefunzwa kusimama, kumheshimu mwenyekiti na kupinga kwa adabu alikuwa anafunzwa kukaa mezani na mkoloni. Wasichana hawakuwa katika hesabu hiyo. Uhuru ulipofika tulibaki na mwenyekiti, kengele na lugha. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali. Sekondari ikaachwa na Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika sekondari kuanzia 1985. Haikuwa. Mtoto wa Masanze anamaliza miaka saba akijua kubishana vizuri kabisa, kisha anaingia kidato cha kwanza na kuwa mgeni kinywani mwake.

Lakini lugha peke yake haielezi ububu wote. Kuna mada ambazo hazikuletwa kabisa. Nilishangaa kwamba katika wilaya yetu hatukuwahi kujadili wakulima na wafugaji. Mkulima alilinganishwa na daktari, mtu ambaye kwetu hagombani naye. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, wilaya hii hii ya Kilosa, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Darasani mwetu walikaa watoto wa pande zote mbili. Mwalimu aliyekwepa mada hiyo simlaumu. Kengele ya rimu isingetosha. Ila ilinifundisha kwamba mdahalo wetu ulichagua kwanza yale ambayo hayatamkasirisha mtu.

Maigizo yalikuja kwa njia nyingine. Nayo yalianza na Mwingereza: katika shule kubwa za kikoloni jukwaa lilikuwa la tamthilia za Kiingereza, Shakespeare akiwamo. Mwaka 1963 Nyerere, akiwa tayari Rais, alichapisha tafsiri yake ya Julius Caesar, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Kwangu jambo kubwa zaidi ni lile lililofuata Azimio la Arusha la 1967. Shule zikahitaji kitu cha kuonyesha siku za sherehe, na Mathias Mnyampala akawa amekwisha kuandaa ngonjera: mashairi ya kujibizana, mmoja hajui, mwingine anajua, na mwisho asiyejua anakubali. Ngonjera za UKUTA zilichapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na zikasambaa mashuleni. Ukiitazama vizuri, ngonjera ni mdahalo na igizo kwa pamoja, isipokuwa mshindi anajulikana kabla pazia halijafunguliwa. Naamini tabia hiyo bado inaishi katika maigizo yetu ya shule, hata pale ambapo hakuna ushairi tena.

Mwaka huo huo wa 1969 Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile, tamthilia isiyompa mtazamaji jibu rahisi kuhusu maji na imani. Na nyuma yake akaja mtu ambaye sikujua kuwa ni wa kwetu.

Penina Muhando, ambaye baadaye aliandika kwa jina la Mlama, alizaliwa mwaka 1948 Berega, Ukaguru, katika wilaya ya Kilosa. Nilimjua kama jina katika orodha ya waandishi wa tamthilia, kati ya majina ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Hatia, iliyotoka 1972, inamhusu msichana aliyepata mimba. Baadaye zikaja Heshima Yangu, Pambo, Nguzo Mama na Lina Ubani. Mwaka 1981 aliandika katika jarida moja la Marekani kuhusu digubi, ngoma ya Wakaguru inayohusiana na unyago wa wasichana, akisisitiza kwamba hiyo nayo ni sanaa ya maonyesho, kamili, isiyosubiri jukwaa la mzungu ili iitwe hivyo. Makala hiyo ilinigusa kwa sababu rahisi: bibi zetu huku ni watu wa ukoo wa mama na wa unyago, na shuleni tulifundishwa kwamba maigizo yalianza Ugiriki.

Mwaka 1996, akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yeye na wenzake wa idara ya sanaa, Amandina Lihamba akiwa mmoja wao, walianzisha Tuseme katika shule za sekondari. Wazo lake ni jepesi kulieleza na gumu kulitekeleza. Wasichana wanakaa na kutaja wenyewe kinachowazuia kusoma. Wanatengeneza igizo juu ya hilo, wanaliigiza mbele ya walimu, wazazi na wavulana, kisha watazamaji wanajadili. Yaani mdahalo unakuja baada ya igizo, na unafanyika kwa lugha ya waliolitunga. Mpango huo ulichukuliwa na FAWE, jukwaa la wanawake waelimishaji wa Afrika, ukavuka mipaka ya nchi.

Klabu yetu haikuitwa Tuseme wala hatukuwa na mtu wa kutufunza hatua zake. Tulikuwa na vitabu vya mtihani, Orodha na Kilio Chetu. Furaha wa Orodha anakufa kwa UKIMWI na kuacha barua. Katika Kilio Chetu Joti anakufa naye Anna anabaki na mimba. Tukajifunza humo kwamba igizo la vijana humalizika kwa msiba. Igizo letu la mwaka ule lilifuata mkondo: mwanafunzi anadanganywa na dereva wa bodaboda kwa chipsi na nauli, anapata mimba, anafukuzwa, anakufa akijifungua. Vilio, pazia, makofi.

Juni 2017, Rais Magufuli alisema Chalinze kwamba mwanafunzi aliyepata mimba hatarudi shuleni katika utawala wake. Kufukuzwa hakukuwa jambo jipya. Kanuni za 2002 zilikuwa zikitumika hivyo. Ila sasa lilisemwa wazi na kila redio ikalirudia. Tulipofungua shule Julai, msichana aliyeigiza mama wa mhusika mkuu hakurudi. Hakuna aliyetutangazia sababu, na hakuna aliyehitaji kutangaziwa.

Mdahalo wa kweli wa mwaka ule ulifanyika katika mazoezi ya Jumatano zilizofuata, chini ya mwembe, kwa Kiswahili. Msichana mmoja, mkimya wa Ijumaa kuliko wote, alisema hataki mhusika afe, kwa sababu mwenzetu hajafa, yupo Mikumi kwa shangazi yake. Mvulana mmoja akajibu kwamba asipokufa watazamaji hawatapata funzo. "Funzo la nani?" akaulizwa. Tulibishana wiki tatu. Mwalimu mlezi alituomba tusitaje serikali, tukakubali. Mwishowe tulimwacha mhusika akiwa hai, amesimama nje ya geti na daftari mkononi, na igizo likakatika hapo.

Siku ya wazazi makofi yalichelewa, kwa kuwa watu walidhani kuna sehemu nyingine. Ndipo mama mmoja, mkulima wa mpunga, akanyoosha mkono kama mwanafunzi na kuuliza yule kijana wa bodaboda amekwenda wapi, mbona tangu katikati haonekani tena. Hatukuwa na jibu; hatukumwandikia mistari zaidi. Mzee mwingine akasema suala hilo liulizwe kijijini, siyo kwa watoto. Wakaanza kujibizana wao kwa wao, na mgeni rasmi akakumbusha kwamba muda umekwisha.

Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Joyce Ndalichako, alitangaza kwamba wanafunzi waliojifungua wataruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Mwenzetu alikuwa na miaka 21 na watoto wawili, na alikuwa akikaanga vitumbua karibu na stendi ya Mikumi. Nilipomwuliza kama amesikia tangazo, alisema amelisikia redioni, akaniuliza kama lile igizo bado linaigizwa na nani siku hizi anacheza nafasi ya mama.