Fundi wa ordinatere akinyamaza: njia za kurudisha mashini yako

Katika miji ya mashariki ya Kongo, toka Bunia mpaka Uvira, kumpata fundi wa ordinatere si kazi. Kuna wale wa kibanda karibu na univerisite, kuna wale wenye chumba ndani ya galeri, kuna na wale wenye kibao kikubwa barabarani. Laptop nyingi tunazotumia huku ni za okaziyo: zimefanya kazi miaka mingi kwingine kabla ya kufika kwetu kupitia Dubai ao Kampala. Umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu unamalizia sharjere, batri, na mara ingine karte mere yenyewe. Basi mashini kuingia atelye ni jambo la kawaida. Shida ni pale inaingia na haitoki.

Mwanzo wake unajulikana. Fundi anapokea mashini pamoja na avansi, anasema siku tatu. Siku ya tatu: "Upite kesho, yaya, piesi haiyafika." Wiki ya pili simu inaita, hakuna anayepokea. Ujumbe wa WhatsApp unaonekana umesomwa, jibu hakuna. Mwenye mashini anapoenda mwenyewe, anamkuta kijana asiyemjua, anayemwambia kwamba patro amesafiri.

Nyuma ya ukimya

Si kila fundi anayenyamaza ni mwizi. Mara nyingi piesi imeagizwa kweli Kampala ao Nairobi na imechelewa njiani. Mara ingine avansi ya mteja huyu ililipa piesi ya mteja wa mbele yake, na fundi anangoja mteja wa nyuma ili atengeneze hii. Kuna pia kazi ambazo atelye nyingi haziwezi, zaidi ile ya kuyeyusha na kushika upya piesi ndogo za karte mere. Fundi anapeleka mashini kwa fundi mwenzake, bila kumwambia mwenyewe, na yule mwenzake ndiye anayechelewa. Na kuna fundi aliyefungua mashini akaiharibu zaidi, sasa anaona haya kusema.

Hayo yote ni makosa ya kazi na ya deni. Ila kuna fundi aliyetoa RAM ao diski ya mashini yako akaiweka kwa mashini ya mtu mwingine, na kuna aliyeiuza nzima. Hapo tumetoka kwa deni, tumeingia kwa kosa la jinai. Tofauti hii ndiyo itaonyesha mlango wa kupiga: wa jaji wa kawaida ao wa parke. Wengi wanakimbilia polisi siku ya kwanza bila kujua wako upande gani, na wanarudi nyumbani na makuta yameisha.

Cha kwanza: vilivyo ndani ya mashini

Kabla ya kuhangaika na fundi, mwenye mashini ashike simu yake na kufunga milango. Laptop ya dola 200 inaweza kununuliwa tena siku moja. Kilicho ndani, hapana.

Kwa simu yoyote yenye intaneti, mtu anaweza kubadilisha neno la siri la email na la Facebook, kisha kuomba vifaa vyote vingine viondolewe. Ndani ya WhatsApp kuna sehemu inayoonyesha vifaa vilivyounganishwa: ile ordinatere itolewe pale. Anayetumia akaunti ya Google anaweza kuiondoa mashini ile kwa mbali. Kazi hii inachukua nusu saa, na inapashwa kufanywa hata kama fundi ni rafiki, juu si lazima fundi mwenyewe ndiye anayefungua mashini usiku.

Kwa mwanafunzi, hatari ni TFC ao memware iliyobaki kwa diski pasipo kopi. Atafute kwanza kwa email alizomtumia direktere wake na kwa simu za wenzake: mara nyingi kopi ya zamani iko pale, hata kama inakosa sura ya mwisho. Na ajue jambo moja: kama mashini haiwaki, haina maana kwamba diski imekufa. Diski inaweza kutolewa na kusomwa kwa mashini ingine. Kwa hiyo, fundi akisema "mashini imekufa kabisa", mteja amwombe diski yake mkononi.

Kubwa kuliko hiyo ni mashini za mashirika. Huku kwetu, laptop ya msaidizi wa jamii inaweza kuwa na majina ya wanawake waliobakwa, anwani za watoto waliotoka vikundi vya silaha, ao listi ya wagonjwa wa kituo cha afya. Mashini kama ile ikilala miezi miwili kwa atelye isiyojibu, anayehatarishwa si mwenye mashini. Ni yule mama ambaye jina lake limeandikwa ndani. Mfanyakazi anapashwa kumwambia mkubwa wake siku ileile, hata kama anaogopa kukatwa mshahara. Kongo iko na sheria inayolinda habari za kibinafsi, ndani ya Code du numérique ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, na shirika lililokusanya majina yale haliwezi kuacha mzigo wote kwa fundi. Mashini za namna hii zisipelekwe kwa atelye na diski ndani. Kutoa diski ni kazi ya dakika chache na bisibisi.

Karatasi, hata ndogo

Katika Code civil, kitabu cha tatu, article 33 inasema kwamba mapatano yaliyofanywa kwa halali ni kama sheria kwa wale walioyafanya. Kumwachia fundi mashini ni mapatano, hata bila avoka na bila muhuri. Ila pasipo alama yoyote, ni neno lako mbele ya neno lake.

Resu nzuri iko na majina ya watu wawili, tarehe, aina ya mashini, namba yake ya siri, vitu vilivyoachwa (sharjere, sakoshi, mausi), shida iliyotajwa, bei, avansi, na siku ya kurudisha. Ile namba ya siri inapatikana chini ya mashini. Kwa Dell inaitwa Service Tag. Mtu aipige picha mbele ya fundi. Na kama atelye ni nyumba kubwa, aangalie kama resu inaonyesha namba ya RCCM, ndiyo rejista ya biashara. Jina la kwa kibao si kila mara jina la mwenye nyumba, na tribinali haiwezi kuita kibao.

Wengi hawakupewa resu. Bado kuna njia, mradi isifanywe kwa hasira. Mteja anaandika ujumbe wa utulivu: "Habari papa fundi. Ile HP yangu ya rangi nyeusi niliyokuachia tarehe 4 na avansi ya dola 30, imefika wapi?" Fundi akijibu "piesi haiyafika", amekubali kwamba mashini iko kwake. Ujumbe ule usifutwe. Makuta yaliyopita kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money yanaacha ujumbe wenye tarehe na jina. Na yule aliyekusindikiza siku ile ni shahidi.

Barua, kisha shefu

Kabla ya kushitaki, apewe siku. Wanasheria wanaita barua hiyo mise en demeure. Haiombi kifaransa kikubwa. Inasema: tarehe fulani nilikuachia mashini hii, tulipatana hivi, siku imepita, nakuomba uirudishe, iwe imetengenezwa ao hapana, kabla ya tarehe fulani; isipokuwa hivyo nitapeleka neno mbele ya sheria. Siku nane zinatosha. Iandikwe mara mbili, na fundi atie sahihi kwa kopi moja. Akikataa, shahidi wawili waandike kwamba alikataa.

Maneno "iwe imetengenezwa ao hapana" yana kazi yake. Yanamnyima fundi kisingizio cha piesi. Anayedai mashini yake jinsi ilivyo, akiwa tayari kusahau sehemu ya avansi, anaipata haraka kuliko anayetaka mashini nzima, avansi nzima na malipo ya hasara.

Barua ile apelekewe kopi shefu wa avenyu ao wa kartye wa pale atelye iko, si wa pale mteja anakaa. Shefu hana uwezo wa kuhukumu ao kufunga mtu, ila anamjua mwenye nyumba anayempangisha fundi, anajua kama amehama usiku, na fundi hapendi kuitwa mbele ya majirani. Kesi nyingi za mashini zinaisha hapo, kwa mapatano yenye tarehe tatu za kulipa. Mapatano yale nayo yaandikwe.

Parke ao tribinali?

Kama fundi yuko na mashini lakini anachelewa, hilo ni neno la raia kwa raia. Linaenda tribunal de paix, mahakama ya amani. Sheria ya tarehe 11 mwezi wa ine 2013 inaipa mahakama hiyo kesi zisizopita franka za Kongo 2 500 000, na laptop nyingi za okaziyo hazifiki kiasi hicho. Mtu anaweza kwenda mwenyewe kwa grefu bila avoka. Ila aulize mbele gharama yote ni ngapi: kwa mashini ya zamani, kesi inaweza kula kuliko mashini.

Kama kuna alama kwamba fundi ameiuza ao ametoa piesi zake, kosa linaitwa abus de confiance. Article 95 ya Code pénal inasema juu ya mtu aliyepewa kitu ili akirudishe ao akifanyie kazi fulani, naye akakigeuza kwa udanganyifu. Azabu yake ni kifungo toka miezi 3 mpaka miaka 5, pamoja na amende, ao moja kati ya hizo. Mashitaka yanapelekwa kwa OPJ ao moja kwa moja kwa parke. Tangu mwezi wa tano 2021, Ituri na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya uongozi wa kijeshi, na kesi za jinai zikapelekwa kwa mahakama za kijeshi. Kwa hiyo mwenye kushitaki aulize kwanza ni mlango gani unaopokea mashitaka ya aina yake leo. Mahali ambapo vita vya 2025 vilivuruga tribinali za serikali, kama Goma na Bukavu, karatasi zihifadhiwe vizuri, na picha zake ziwe kwa simu zaidi ya moja.

OPJ si mkusanya madeni. Kongo ilitia mkono tangu 1976 kwa mapatano ya kimataifa juu ya haki za raia, ambayo yanakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Mteja anayelipa ili fundi alale kasho kwa deni anaweza kujikuta yeye ndiye anayeshitakiwa.

Fundi naye ana haki

Fundi aliyemaliza kazi na hajalipwa anaweza kushika mashini mpaka alipwe. Haki hiyo iko ndani ya sheria za OHADA, ambazo Kongo inafuata tangu 2012. Ila kushika si kuuza. Ile karatasi ya ukutani inayosema "baada ya siku 30 mashini inauzwa" haimgeuzi fundi kuwa mwenye mali.

Na kuna njia moja ya kuepuka: kutupa picha ya fundi ndani ya magrupe ya WhatsApp na neno "mwizi". Article 74 ya Code pénal inaazibu, toka siku 8 mpaka mwaka 1 wa kifungo, anayemwekea mtu hadharani na kwa ubaya jambo linaloharibu heshima yake. Zaidi ya sheria, kila mtu huku anajua neno "mwizi" likipigwa kelele sokoni linaweza kufikisha wapi. Hata radio haiwezi kusoma tangazo kama lile bila kumsikia fundi.

Siku ya kuichukua

Mashini ikirudi, isibebwe mbio. Iwashwe palepale atelye. Namba ya chini ilinganishwe na picha. Ndani ya Windows, ukurasa wa habari za mfumo unaonyesha RAM ni ngapi na diski ni kubwa kiasi gani: ilikuwa giga 8, isirudi na 4. Ekra, klavye, kamera, WiFi na milango ya USB vijaribiwe kimoja kimoja. Sharjere itolewe ili kuona kama batri inashika hata dakika kumi. Kisha ndipo mteja atie sahihi kwamba amepokea, na kama kuna kinachokosa, akiandike juu ya sahihi yake, si chini.