Mlio masikioni: Jinsi wanaume na wanawake wanavyoishi nao

MLIO au mvumo unaosikika masikioni ilhali hakuna kinachotoa sauti huitwa tinitasi kitaalamu. Si ugonjwa unaojitegemea, bali ni dalili. Mara nyingi chembe za usikivu zilizo ndani ya sikio huwa zimeharibika, na ubongo, kwa kukosa sauti ulizozizoea, hujitengenezea ya kwake.

Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kuwa watu wazima zaidi ya milioni 740 duniani, karibu asilimia 14, wana hali hiyo. Viwango vya wanaume na wanawake vilikaribiana; kilicholeta tofauti kubwa ni umri.

Hata hivyo, mzigo haubebwi kwa namna moja. Wanaume wengi huupata kutokana na kelele za viwandani, migodini na jeshini. Kwa upande wa wanawake, baadhi ya tafiti zinaonyesha kuwa wenye mlio mkali husumbuliwa zaidi na wasiwasi.

Baadhi yao huficha. Mwaka 1801 mtunzi wa muziki Beethoven alimwandikia rafiki yake daktari kwamba masikio yake yalivuma usiku na mchana, na kwamba alikuwa akiwakwepa watu. Mwimbaji wa Marekani, Barbra Streisand, amesimulia kuwa mlio ulimwanza utotoni.

Dawa nazo huchangia. Kwinini inayotibu malaria, sindano za jentamisini na aspirini kwa dozi kubwa zaweza kuleta mlio. Mgonjwa asiache dawa kwa uamuzi wake, bali amweleze daktari.

Hakuna kidonge kilichothibitishwa kuponya tinitasi. Lakini kuambiwa "zoea tu" si tiba. Ushauri wa kisaikolojia unaomfundisha mgonjwa kubadili namna anavyoupokea mlio umeonekana kupunguza mateso. Asiyesikia vizuri husaidiwa na kifaa cha kusikia. Usiku, kimya kikuu huukuza mlio; sauti ndogo ya feni au redio huufifisha.

Wakati mwingine chanzo ni nta tu, ambayo mhudumu wa afya huiondoa. Kuchokonoa sikio kwa njiti huisukuma ndani zaidi.

Mlio wa sikio moja tu, unaodunda sambamba na mapigo ya moyo, au unaoambatana na kizunguzungu, wahitaji uchunguzi wa daktari. Usikivu ukipotea ghafla, mgonjwa awahi hospitali siku hiyo hiyo, kwani kuchelewa hupunguza uwezekano wa kuurejesha.