Safari ya Kusini: Barabara ya Dar es Salaam na Mtwara Ilivyotawaliwa na Misimu

Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni takriban kilomita 560 kwa barabara, na basi linaloondoka alfajiri, endapo halikupata hitilafu, hufika kabla ya usiku kuingia. Hali hiyo ni ngeni kuliko vijana wengi wanavyodhani. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, mtu aliyetaka kwenda Kusini, jina ambalo Watanzania hulitumia kwa maeneo ya Lindi na Mtwara kwa pamoja, hakuanza matayarisho yake kwa kuuliza umbali wala nauli, bali aliuliza mwezi, kwa sababu safari iliyochukua siku moja au mbili wakati wa kiangazi iliweza kuchukua wiki nzima wakati wa mvua, au isiwezekane kabisa. Historia ya barabara hii kwa hiyo ni historia ya kuhesabu misimu, na ni historia pia ya maamuzi ya tawala mbalimbali ambazo, moja baada ya nyingine, ziliona hapakuwa na haraka ya kuiunganisha miji miwili ya mwambao mmoja.

Hesabu ya misimu yenyewe ilianzia baharini. Wakati Ibn Battuta alipotembelea Kilwa mwaka 1331, mji huo ulikuwa kitovu cha biashara ya dhahabu na pembe za ndovu, na watu wake waliwasiliana na miji mingine ya pwani kwa vyombo vya tanga vilivyotegemea pepo mbili kuu: kaskazi, unaovuma kutoka kaskazini-mashariki kati ya Desemba na Machi hivi, na kusi, unaovuma kutoka upande wa kusini kuanzia Aprili na kuendelea kwa miezi kadhaa. Mfanyabiashara wa Kilwa au Mikindani aliyetaka kupeleka bidhaa Unguja alingoja kusi, na aliyerudi alipendelea kaskazi, hivyo ratiba ya mwaka mzima, ikiwa ni pamoja na mikopo na hata harusi, ilipangwa kwa kufuata upepo. Nchi kavu haikuwa na mvuto kama huo. Mwambao wa kusini umekatwakatwa na hori, mikoko na mito, mikubwa yake ikiwa Rufiji, Matandu, Mbwemkuru na Lukuledi, na ingawa vijiji vilivyopakana viliunganishwa na njia za miguu, hapakuwa na sababu ya kumfanya mtu atembee kutoka ncha moja hadi nyingine ilhali jahazi lilifanya kazi hiyo kwa wepesi zaidi.

Sababu ilipopatikana, ilikuwa ya kutisha. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba na Uingereza, uliosimamiwa na balozi mdogo John Kirk, uliopiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa njia ya bahari, na wafanyabiashara wa Kilwa, badala ya kuiacha biashara hiyo, waliihamishia nchi kavu. Misafara ya mateka waliotolewa upande wa Ziwa Nyasa sasa ilielekezwa kaskazini kwa kufuata pwani, ikavuka Rufiji, ikapita nyuma ya Dar es Salaam na Bagamoyo kuelekea Pangani, ambako usimamizi ulikuwa hafifu na Pemba ilikuwa karibu. Afisa wa Kiingereza, Frederic Elton, aliyepita njia hiyo kati ya Desemba 1873 na Januari 1874, aliwahesabu watumwa zaidi ya 4,000 waliopitishwa katika muda wa mwezi mmoja tu. Sultani alipiga marufuku misafara hiyo ya nchi kavu mwaka 1876. Ni jambo zito kwamba matumizi makubwa ya kwanza ya njia ndefu ya nchi kavu kati ya kusini na kaskazini ya mwambao huu, yaliyoandikwa kwa tarehe na idadi, yalikuwa ya watu waliotembezwa wakiwa wamefungwa, na yeyote anayeandika juu ya barabara hii hana haki ya kuliruka.

Waliokuja baadaye na fedha pamoja na wahandisi hawakuitazama pwani kwa urefu wake. Barabara ya kwanza ya kisasa kutoka Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1877 kwa mtaji wa tajiri wa meli William Mackinnon na washirika wake, ilielekezwa bara kwa lengo la kufika Ziwa Nyasa, ikaachwa mwaka 1881 baada ya kujengwa kwa zaidi kidogo ya kilomita 100. Wajerumani nao walijenga reli ya Tanga kuelekea Usambara na hatimaye Moshi, kisha Reli ya Kati iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Kila bandari ilihesabiwa kuwa mlango wa mashamba na machimbo yaliyo nyuma yake, na baina ya mlango mmoja na mwingine palikuwa na meli. Njia za pwani ya kusini zilifyekwa kwa kazi ya kulazimishwa chini ya maakida, yaani wasimamizi walioteuliwa na serikali kuwa juu ya majumbe wa vijiji, na chuki dhidi ya mfumo huo, pamoja na kilimo cha pamba cha lazima, ndiyo iliyolipuka kuwa Vita vya Maji Maji mwezi Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, ambavyo msafiri wa leo huviona upande wa magharibi anapovuka eneo la Somanga.

Chini ya Waingereza mambo hayakubadilika sana. Mkoa wa kusini ulitazamwa kama ghala la vibarua, na vijana wake waliandikishwa kuwa manamba, yaani wafanyakazi wa mkataba waliotambuliwa kwa namba, ili wakafanye kazi katika mashamba ya mkonge huko Tanga na kwingineko. Kisha ukaja mpango wa karanga wa mwaka 1947, ambao ulikusudia kulima maelfu ya hekta Kongwa, Urambo na Nachingwea kwa mashine, ukaachwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza mamilioni ya pauni za walipa kodi wa Uingereza. Mpango huo uliiachia Mtwara bandari yenye kina kirefu, mitaa mipana iliyochorwa kwa matarajio ya mji mkubwa, na reli ya kwenda Nachingwea iliyong'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Haukuiachia barabara ya kudumu ya kwenda mji mkuu. Mji uliokuwa na gati la kupokea meli za masafa marefu haukuweza kupokea lori kutoka Dar es Salaam mwezi Aprili, na hilo linaonyesha wazi kwamba kutengwa kwa Kusini hakukuletwa na maumbile peke yake.

Maumbile, hata hivyo, yalikuwa na sehemu yake, na sehemu hiyo ni Mto Rufiji. Bonde la mto huu lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 177,000, karibu sehemu ya tano ya Tanzania Bara, na maji yake hukusanywa na Ruaha Mkuu, Kilombero na Luwegu kutoka nyanda za juu za Mbeya, Iringa na Songea. Matokeo yake ni kwamba mafuriko ya Rufiji ya chini hayategemei mvua ya mahali pale: maji yanaweza kupanda Ikwiriri na Utete chini ya anga jeupe, siku kadhaa baada ya mvua kunyesha mamia ya kilomita huko juu, na dereva aliyekadiria hali ya njia kwa kutazama mawingu ya Temeke, Dar es Salaam, alijidanganya. Wenyeji wa bonde hilo, Warufiji, wamezoea mzunguko huo na hupanda mpunga na mahindi kwa kuufuata, kwani tope linaloletwa na mto ndilo mbolea yao. Neema ya mkulima ilikuwa kikwazo cha msafiri.

Uvukaji ulifanyika Ndundu, kwa pantoni, yaani chombo bapa kinachobeba magari na watu kutoka ukingo hadi ukingo. Abiria walishuka kwenye basi, wakaingia chomboni kwa miguu pamoja na kuku, mikeka na mabegi yao, na magari yakapakiwa machache kwa zamu, huku mengine yakipanga foleni ukingoni. Maji yalipopungua sana, mafungu ya mchanga yalikizuia chombo kufika mahali pake pa kawaida. Yalipozidi, gati lilifunikwa na njia za kulifikia pande zote mbili zikageuka kuwa kinamasi. Pantoni ilipoharibika, hapakuwa na ya pili iliyokuwa karibu. Ndundu kwa hiyo ikawa mahali ambapo safari iligawanyika, na mipango yote ya njiani, kuanzia saa ya kuondoka hadi kiasi cha chakula, ilipimwa kwa kituo hicho kimoja: je, gari litawahi kuvuka kabla ya giza, au abiria watalala mtoni?

Matayarisho ya dereva na utingo wake, yaani msaidizi anayeshughulikia mizigo na matengenezo ya njiani, yalifuata mantiki hiyo hiyo. Gari la Kusini lilibeba majembe, sepetu na mapanga ya kukata matawi ya kutandika chini ya matairi, mbao za kutegea gurudumu lililozama, madumu ya maji na ya dizeli, springi za akiba, kamba nene na turubai. Abiria naye alijifungia chakula kisichoharibika upesi, mihogo mikavu, mikate au samaki wa kukaanga, akabeba pia shuka, kwani usiku wa njiani ulihesabiwa kuwa sehemu ya nauli. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa upande wa Muhoro ulikuwa na sifa mbaya kuliko mahali pengine: ukikauka huwa mgumu na wenye nyufa, ukilowa hunata kwenye tairi hadi gurudumu linashindwa kuzunguka. Lori moja likikwama katikati, yote yaliyo nyuma yake yalisimama, na wasafiri wasiojuana wakawa kikosi kimoja cha kuchimba na kusukuma.

Njia mbadala zilikuwapo kwa jina. Ramani ilionyesha kwamba Mtwara inafikika kwa kuzunguka Morogoro, Iringa, Njombe, Songea, Tunduru na Masasi, mwendo unaozidi kilomita 1,500, lakini kipande cha kati ya Songea na Masasi kilikuwa cha udongo na chenyewe hakikupitika vizuri wakati wa mvua. Meli za mwambao zilibeba watu na saruji na sukari, kwa ratiba zilizobadilika mara kwa mara, na ndege ilikuwa ya wachache. Waliolipa gharama ya hali hii walikuwa watu wa kawaida: mgonjwa aliyepewa rufaa ya kwenda Hospitali ya Muhimbili mwezi Machi, mwalimu aliyepangiwa kazi Newala na asijue atarudi lini kuwaona wazazi, muuzaji duka aliyelazimika kununua bidhaa za miezi kadhaa kabla ya masika, yaani mvua kubwa za Machi hadi Mei, na kuziuza kwa bei iliyobeba hatari hiyo. Zao la korosho pekee lilibahatika kidogo, kwa kuwa mavuno yake huanza karibu na Oktoba, ardhi ikiwa bado ngumu, na hata hivyo malori yalikuwa katika mbio za kumaliza kazi kabla mvua hazijashika kasi.

Baada ya uhuru wa mwaka 1961 serikali iliijua shida hii, lakini nguvu za taifa zilielekezwa kwanza kwenye barabara kuu ya Zambia na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa sababu za ukombozi wa kusini mwa Afrika ambazo hazikuweza kuahirishwa. Uamuzi huo unaeleweka. Kigumu kueleweka ni kwamba zamu ya Kusini ilichukua takriban miaka 30 mingine. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliziharibu barabara nyingi nchini na kudhihirisha jinsi uhusiano wa mikoa hiyo na sehemu nyingine za taifa ulivyokuwa dhaifu. Daraja juu ya Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, likiwa na urefu wa takriban mita 970, na likapewa jina la rais wa wakati huo, Benjamin Mkapa, ambaye mwenyewe alizaliwa Lupaso, Masasi.

Daraja halikumaliza kazi. Kipande cha takriban kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga, penye ule udongo wa mfinyanzi wa Muhoro, kiliendelea bila lami kwa zaidi ya miaka kumi, hata msafiri aliyelivuka daraja kwa dakika chache aliweza kukwama mbele yake kwa siku nzima, na lami haikuunganika mwanzo hadi mwisho ila katikati ya miaka ya 2010. Hapo ndipo mabasi ya Kusini yalipoanza kutangaza saa ya kufika, siyo ya kuondoka tu, na mwenye ng'ombe, mgonjwa au mtihani aliweza kupanga safari kwa saa ya ukutani.

Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya, kilichokuja baada ya miezi ya mvua nyingi kupita kawaida, kiliikata barabara hiyo katika sehemu kadhaa za Wilaya ya Kilwa, ambako mito iliyopitishiwa chini ya makalvati na madaraja madogo ilibomoa tuta. Mabasi na malori yalisimama pande zote mbili kwa siku kadhaa, abiria wakalala njiani, na safari za Kusini zikawa tena za kuulizia kwanza hali ya maji, katika mwezi uleule ambao madereva wa zama za pantoni walikuwa hawauweki kabisa katika hesabu ya safari zao.